Muuzaji Aliyesoma kwa Sauti

Kuna duka kubwa moja Dodoma ambako kila nikifika pa kulipia, msichana wa kaunta ananiomba namba ya simu. Anaomba kwa upole, vidole vikiwa tayari juu ya mashine. "Namba yako, baba? Ni kwa ajili ya pointi." Namjibu kwamba sina simu. Siku moja simu ilianza kulia mfukoni mwangu palepale. Akanitazama, nami nikamtazama, kisha akacheka na kunipa risiti yangu isiyo na pointi.

Rafiki zangu wanasema huu ni ushamba. Wanasema mtu aliyezunguka kama mimi, aliyepanga vyumba Bukoba, Tabora, Kigoma, Mbeya na sasa Dodoma, hawezi kuogopa mashine ya duka. Mashine siiogopi. Ila sipendi anayejua nilichonunua ajue pia mlango wangu uko wapi. Nilianza kuwa hivi Mwanza, miaka ya tisini, kwa sababu ya pamba ya mama yangu.

Utotoni mwangu, enzi za uhaba, manunuzi hayakuwa na siri kwa sababu hayakuwa na tofauti. Sabuni ikija, mtaa mzima ulinunua sabuni ileile na wote tukanuka harufu moja. Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka ya mjini, yale ya kuzunguka soko kuu na stendi, yakajaa vitu ambavyo hatukujua hata pa kuvipaka. Mafuta ya nywele, mafuta ya mikono, mafuta ya uso peke yake. Ikawa ukinunua, umechagua, na ukishachagua, umejisema. Kapu la mtu likaanza kuongea njiani.

Sisi tulikaa Butimba. Duka la mtaani kwetu lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo na wavu, na tundu la kupitishia mkono. Hukugusa kitu. Ulisimama nje, ukasema shida yako, na mwenye duka akairudia kwa sauti ili baadaye usije ukakana: "Nusu mchele! Kiberiti! Dawa ya kuharisha, mbili!" Pembeni ya dirisha palikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo alikaa fundi baiskeli wa mtaa, gurudumu mapajani, masikio dirishani. Ukinunua dawa ya minyoo asubuhi, ukipita mchana atakuuliza tumbo linasemaje. Wala hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo taabu yenyewe, maana ulikosa hata sababu ya kumkasirikia.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuzurura. Nilimaliza kidato cha nne nikaona dunia inanisubiri, nikaenda kuitafuta kwenye machimbo ya Geita, nikaitafuta Ukerewe, nikaitafuta Musoma, nikarudi Butimba na begi lilelile nililoondoka nalo. Baba alikuwa amekwishafariki. Dada yangu aliolewa Shinyanga. Nyumbani alibaki mama peke yake, naye alikuwa ametoka hospitali miezi michache kabla, kwa upasuaji wa tumbo la uzazi.

Mama yangu aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Hakuwa kiongozi, wala hakuimba peke yake hata mara moja, lakini aliimba humo tangu kabla sijazaliwa, na nadhani baada ya baba kufa, kwaya ndiyo iliyomsimamisha. Nilipokuta Jumamosi inapita na yeye amekaa jikoni, nilishangaa.

"Mazoezi hakuna leo, mama?"

"Yapo."

"Mbona hujaenda?"

"Kifua."

Hakukohoa hata mara moja wiki ile. Nilichoona ni kwamba kila asubuhi kulikuwa na vitenge vimefuliwa, na havikuanikwa kwenye kamba ya nje. Vilianikwa chumbani kwake, mlango umefungwa, dirisha wazi. Kiti chake alichopenda, chenye mto, kiliondolewa mto. Kisha nikaona anachana kitenge kizima, kizuri, cha sikukuu. Nilikuwa mvulana mkubwa wa miaka ishirini na kitu, mjinga kiasi changu, lakini hapo nikaelewa.

Mama wa Kisukuma hamwambii mwanawe wa kiume jambo kama hilo. Alilizunguka kwa siku mbili. Hatimaye akaniambia akiwa amenipa mgongo, anachambua maharage:

"Tangu wanichane, maji hayanisubiri. Nesi alisema nitafute pamba, na mpira wa kitandani."

"Nitanunua kesho."

Akageuka. "Utanunua wapi?"

Sikujibu, kwa sababu nilitaka kusema dukani.

"Baba," akasema, na mama akiniita baba nilijua jambo ni zito, "kwaya inavuka maji kwenda Sengerema wiki tatu zijazo. Nataka kwenda. Lakini hili likifika kwenye lile benchi, siendi Sengerema, siendi mazoezini, kanisani nitakwenda misa ya kwanza na kukaa nyuma mpaka nife. Sisemi kwa hasira. Nakuambia tu nitakavyofanya."

Nilimwamini. Mama hakuwa mtu wa kutishia.

Basi nikafikiri kama Msukuma. Sisi ni watu wa pamba. Babu alilima pamba, wajomba zangu Magu walilima pamba, na miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wamekuja na malori yao, pamba imelala kila ghala, kila kibaraza, hadi kwenye manyoya ya mbuzi. Kwa nini nikanunue pamba dukani mbele ya macho ya watu, wakati kwa mjomba ipo ya bure? Hiyo niliiona ni akili kubwa sana. Nikapanda basi kwenda Magu, nikamwambia mjomba nataka pamba ya mto wa kulalia, akanijazia kiroba na kunipa na bata juu yake. Nilipita mbele ya benchi la fundi baiskeli na kiroba begani na bata kwapani.

"Mdogo wangu, umetoka shamba?"

"Nimetoka shamba, kaka. Natengeneza mito."

"Safi sana. Shingo yako naona ilikuwa inakusumbua."

Mama alikaa akiitoa mbegu siku nzima kwa vidole, akaichambua, akaikunja vipande vizuri kama mikate. Kesho yake asubuhi vitenge vilifuliwa kama kawaida, na godoro likatolewa uani. Mama alikuja na beseni la maji, akaliweka mbele yangu, akatupia humo kipande cha pamba ya mjomba.

Kikaelea. Tukakitazama. Nikakibonyeza chini kwa kidole, kikatoka tena juu, kikavu, kinang'aa, kimejaa vijitone vya maji mgongoni. Baadaye sana mtu aliyefanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba aliniambia kwamba pamba mbichi ina mafuta yake, haikubali maji mpaka ichemshwe kwa dawa. Ukoo mzima umelima pamba vizazi vitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

"Mwanangu," mama akasema, "mjomba wako amenipa bata wawili."

Akacheka. Hakuwa amecheka tangu nirudi. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakumbuka kwamba kucheka nako kulikuwa na gharama yake, akaingia ndani haraka.

Ikabidi duka. Nilichagua mjini, mbali na kwetu, duka la dawa na vifaa vya hospitali kwenye mtaa mmoja nyuma ya soko kuu, ambako hakuna aliyenijua. Nilichagua saa saba mchana, jua kali, watu wamejificha. Na ili nisitamke kitu, niliandika mahitaji yangu kwenye karatasi ya daftari, nikaikunja mara nne. Nilijisifu njia nzima. Kwa mtu aliyechimba dhahabu bila kuiona, huo ulikuwa mpango bora kabisa niliowahi kuwa nao.

Duka lilikuwa na kaunta ndefu ya mbao, na nyuma yake makabati yaliyopanda hadi darini. Muuzaji alikuwa mzee mnene mwenye miwani, amekaa kwenye stuli. Msaidizi wake, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa juu ya ngazi akipanga makopo. Kulikuwa na wateja watatu au wanne, hakuna aliyenitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamsogezea karatasi. Akaifungua mkunjo mmoja, mwingine, mwingine, mwingine. Akasogeza miwani hadi kwenye paji la uso, akainyoosha karatasi mbali kadiri mkono ulivyofika, akainua uso kuelekea ngazini, na akasoma kama katekista anayesoma matangazo ya ndoa:

"Pamba ya hospitali! Roli kubwa! Mbili! Mpira wa kitandani! Mita moja!"

"Roli ngapi?" mtu wa ngazini akauliza.

"Mbili! Kubwa!" Kisha akanigeukia, bado kwa sauti ileile, maana hakuwa na nyingine. "Mpira upi, kijana? Wa mgonjwa mzee au wa nani? Upo mnene na upo mwembamba."

Nilitaka kusema chochote. Na hapo ndipo niliposikia nyuma yangu kengele ya baiskeli ikigongwa kidogo, nikageuka. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alikuwa mlangoni, ameegemeza baiskeli ya mteja, ameshika paketi ya sindano za cherehani za mkewe kutoka duka la jirani, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa huruma.

"Mdogo wangu! Nani anaumwa nyumbani? Ni mama?"

Kabla sijajibu, sauti nyingine ikatoka upande wa pili wa kaunta. "Kumbe umefika! Nikasema huyu kijana atapotea mjini hapa." Mwanamke mmoja mnene, kitenge cha kijani, kapu mkononi, alikuwa anakuja kwangu kana kwamba tulikuwa tumepanga kukutana. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya mama. Sikuwa nimemwona alipokuwa amesimama karibu na kabati la maziwa ya unga.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekumbuka mpira? Mita moja inatosha?" Akamgeukia fundi. "Dada yake wa Shinyanga anakaribia kujifungua. Wamemwagiza vifaa."

"Aaa!" Fundi akapiga makofi. "Heri! Heri sana! Nilishaogopa."

Muuzaji naye akachangamka, maana pamba na mpira ni nusu tu ya mahitaji ya mwanamke anayekwenda kujifungua, na yeye alikuwa na nusu ya pili.

"Na glovu?" akasema.

"Glovu?"

"Na nyembe, na uzi wa kitovu. Kijana, unataka mkunga akate kitovu kwa meno?"

Wateja wakacheka. Mwenyekiti akacheka kuliko wote. "Mwekee mzee, mwekee. Wanaume hawa, ukiwatuma chumvi wanaleta shina la mti."

Nikanunua glovu jozi mbili, nyembe na uzi. Muuzaji alifunga vyote kwenye gazeti, lakini roli za pamba zilikuwa ndefu, na vichwa vyake vya karatasi ya bluu vilichungulia nje. Nikaomba gazeti la pili. Akaniambia mtoto si siri, ni baraka, lakini akanipa.

Sikupanda gari. Nilitembea hadi Butimba kwa miguu kupitia Mkuyuni, mzigo ndani ya koti, jua la saa nane likinichoma utosi, ziwa likimetameta upande wangu wa kulia kama bati jipya. Nilikuwa na hasira na mwenyekiti. Niliona amenitega. Alisikia muuzaji akisoma, akakisia la kwake, akalitangaza, na sasa nilikuwa na mtoto mikononi ambaye hayupo. Kwa sababu nilijua desturi. Mwanamke akijifungua, wenzake huja. Huja na unga wa uji, na sabuni, na kuku, huja wakiimba. Kwaya nzima ingekuja nyumbani kwetu, ingekaa kwenye kiti kisicho na mto, ingenusa hewa ya chumba chenye vitenge vya kuanikwa ndani, na ingemtafuta mtoto.

Mama alifungua mzigo kitandani. Alishika pamba, akaibonyeza, akafumba macho kidogo. Halafu akaona glovu.

"Na hizi?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, nikianza na muuzaji, nikarudi kwenye baiskeli, nikaishia na uzi wa kitovu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa huyo mtoto utamzaa wewe?"

"Tunaweza kusema bahati mbaya. Kwamba mtoto amefa…"

"Nyamaza!" Sijawahi kusikia sauti hiyo kwake tena, wala kabla. "Mtoto hafi kwa ajili ya mkojo wangu. Hata wa uongo."

Akakaa, akasema taratibu, "Mwenyekiti alikuwa amesimama wapi?"

"Kwenye maziwa ya unga."

"Alisikia yote?"

"Walisikia hadi barabarani, mama."

Alitikisa kichwa, akaanza kukunja vitenge vyake. Nilijua anachofikiri. Sengerema imekwisha.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mwenyekiti wa kwaya alibisha hodi. Alikuwa peke yake. Mkononi alikuwa na kapu, limefunikwa kwa khanga, na khanga imebanwa pembeni kwa pini, isipeperuke.

"Hodi wenyewe. Mayu, upo?" akaita, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama alitoka chumbani akiwa amejifunga vitenge viwili. Walisalimiana kwa mikono yote. Mwenyekiti hakuuliza mtoto, wala dada. Alikaa kwenye kiti kisicho na mto, kisha mama akanitazama na kusema kile ambacho kila mtoto Tanzania anajua maana yake:

"Baba, hebu nenda ukatuletee sukari."

Sukari ilikuwepo, kopo zima. Nikaenda.

Dukani fundi alikuwa kwenye benchi. Alinisogezea nafasi. "Vipi, Shinyanga? Amejifungua?"

"Bado, kaka."

"Mtoto wa ngapi huyu?"

"Wa tano," nikasema, nikiomba dada anisamehe.

"Wa tano hutoka mwenyewe. Usiwe na wasiwasi. Mbona umekunja sura hivyo? Nusu sukari!" akamwitia mwenye duka ndani, kunisaidia.

"Nusu sukari!" mwenye duka akaitikia.

Sikuharakisha kurudi. Niliogopa nitakachokikuta. Nilishuka hadi mahali ambapo njia inapita kati ya mawe makubwa, nikakaa juu ya jiwe moja na pakiti yangu ya sukari, nikapanga maisha. Nilifikiri nimchukue mama, tuhamie Bukoba, ambako hakuna anayetujua. Mimi nilikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa, nayo ilikuwa kuondoka. Nikahesabu tutakavyobeba. Nikamwona mama kwenye meli na begi langu, akishuka mji ambao hana mtu wa kuimba naye. Hapo mpango wangu ukaanza kuniaibisha, nikanyanyuka.

Nilipokaribia nyumba nilisikia kicheko. Cha wawili. Cha mama kilikuwa kile cha beseni la maji, cha kushika ukuta, na safari hii hakukimbilia ndani.

Mwenyekiti alikuwa anatoka. Kapu lake sasa lilikuwa jepesi, khanga imekunjwa ndani yake. Aliipokea sukari kutoka mikononi mwangu kana kwamba ndiyo aliyoijia, akamkabidhi mama, kisha akaniambia nimsindikize.

Tulitembea hatua kadhaa. Nikakusanya ujasiri.

"Mama mwenyekiti, watu wa mtaani wanamsubiri mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yule uliyemsema dukani."

Akasimama. "Mwanangu, mimi nilisema dada yako wa Shinyanga anakaribia kujifungua. Nilisema anajifungulia hapa?"

"Hapana."

"Vifaa umetuma kwa basi. Vimefika. Basi. Nani wa Butimba atapanda gari hadi Shinyanga kuhesabu watoto?"

Nilisimama pale njiani nikahisi kitu kikubwa kinatoka mgongoni. Siku tatu nimeliviringisha jambo hilo kichwani, kumbe lilikuwa na mlango huu wazi tangu mwanzo.

"Nilidhani umenitega," nikasema.

"Najua. Ulikuwa na sura ya mtu aliyemeza ndimu." Akaanza kutembea tena. "Yule fundi alikuwa mlangoni kabla hujageuka. Nilimwona mimi kwanza. Angeuliza la pili na la tatu, na wewe ungejibu, maana hujui kudanganya, unajua kunyamaza tu. Na mtu akinyamaza dukani, amesema."

"Na wewe ulijuaje kwamba siyo dada?"

Alitazama mbele, akapangusa jasho shingoni, akaniuliza kama kweli Geita kuna dhahabu au watu wanachimba mashimo tu.

Mama naye hakunieleza walichozungumza. Jioni ile alirudisha mto kwenye kiti, ukiwa umeshonewa ndani kipande cha ule mpira wa kitandani. Alipoona natazama, akasema sentensi moja tu:

"Yeye ana mwaka wa tisa."

Akaendelea kusonga ugali. Miaka tisa, na kila Jumapili nilimwona mwanamke yule amesimama mbele ya kwaya, mgongo umenyooka, sauti imejaa kanisa. Sikuwahi kuuliza zaidi. Mambo mengine niliyajua kwa kuyaona. Niliona kwamba kwenye kapu lile zilitoka pedi za vitambaa, zimeshonwa kwa mkono, na kwamba pamba ya dukani ilikatwa vipande na kuwekwa katikati. Niliona mama akiamka asubuhi na kukaza mwili mara nyingi akiwa amekaa, akihesabu kimoyomoyo, zoezi alilofundishwa. Niliona vitenge vya kufua vinapungua kwenye kamba ya chumbani. Na mazoezini, nilipopita siku moja kumpelekea mwavuli, niliona sauti ya pili imehamishwa. Zamani ilisimama katikati. Sasa ilisimama pembeni, karibu na mlango mdogo unaotokea vyooni, na mwenyekiti alikuwa amewaambia wote kwamba ni kwa ajili ya mwangwi.

Pamba ilipokaribia kwisha, mwenyekiti alinichukua tukaenda naye duka lile la nyuma ya soko. Alisema nikajifunze. Muuzaji alimkunjulia uso, akaanza kupokea karatasi aliyompa, akainua miwani, akainyoosha karatasi, akavuta pumzi.

"Baba," mwenyekiti akasema, na akaweka kiganja juu ya karatasi. "Subiri kwanza. Miwani hiyo ni ya nini?"

"Ya kusomea."

"Basi somea hiyo. Soma kwa macho. Humu dukani kwako wanaingia watu na miili yao. Siku moja utakuja kununua kitu chako mwenyewe mahali, na mtu asome hivyo hivyo."

Nilidhani mzee atakasirika. Aliteremsha miwani machoni, akasoma, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akashuka kwenye stuli, akapanda ngazi yeye mwenyewe akipumua kwa shida, msaidizi akiwa ameshika ngazi chini kwa mshangao, akarudi na roli mbili. Akazifunga kwenye gazeti, zikachungulia. Akazitazama. Akavuta gazeti jingine bila kuombwa.

"Karibuni tena," akasema, kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliye kanisani.

Sisemi duka zima lilibadilika. Nilimsikia baadaye akimsomea mtu mwingine dawa ya ukurutu hadi ng'ambo ya barabara. Lakini kwetu sisi hakusoma tena kamwe, na mwaka uliofuata nilipokwenda peke yangu alininyooshea mkono apokee karatasi kabla sijaitoa. Dada, kwa upande wake, alipata barua ya pongezi kutoka kwa fundi baiskeli, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, ikimtakia mtoto maisha marefu. Aliapa atanitandika. Hakunitandika, ila glovu na uzi wa kitovu alivichukua alipokuja likizo, akasema vitamfaa jirani yake.

Siku ya safari kwaya ilikusanyika kando ya feri mapema asubuhi, sare za bluu, vitabu vya nyimbo mikononi, watu wakipiga kelele kuhusu nafasi. Mama alikuwa na kapu lake, khanga juu, pini pembeni. Alipanda bila kunitazama. Niliona mwenyekiti akimwachia nafasi ukingoni mwa benchi, kwenye njia, mahali ambapo mtu anaweza kuinuka bila kuomba samahani kwa watu sita. Feri ilipoanza kusogea walikuwa tayari wameanza kuimba. Nilijaribu kuisikia sauti yake ndani ya zile nyingine, sikuweza kuitenga.

Nilikuwepo waliporudi kesho yake mchana. Nilikaa pale ufukweni tangu saa tano, nikinunua chai nisiyoitaka, nikifikiria viti vya makanisa ya watu, mahubiri marefu, foleni za vyoo. Aliteremka akiwa wa kumi au wa kumi na mbili, katikati ya wenzake, sauti imekauka, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kilimuuma. Nikampokea kapu.

"Vipi, mama?"

"Wametupokea vizuri. Wametuchinjia. Padri wao anahubiri kama gari lisilo na breki."

"Na… vipi?"

Alinitazama kama haelewi ninachouliza. Nikaona anatafuta. Kisha akakumbuka, na akaweka mkono mdomoni, macho yakamjaa maji na kicheko kwa pamoja.

"Baba," akasema, "unajua nilisahau?"

Tukatembea polepole kuelekea stendi, yeye akiwa na kiatu kimoja, akinieleza nani aliimba vibaya.